Bwawa la Shamba Linapogeuzwa Mahali pa Kupumzikia

Kuzunguka mji wa Lubumbashi, huko Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya mto Kafubu na vijito vinavyoingia humo, na katika mashamba ya komini (wilaya ya mji) ya Annexe ambayo kila mwaka yanazidi kukatwa viwanja vya nyumba, kuna mabwawa madogo ya udongo ambayo mengi yake ni ya enzi ya ukoloni, yaliyojengwa ili kumwagilia bustani na kunywesha ng'ombe. Baadhi hayamwagilii tena shamba lolote. Yamepewa kazi nyingine: Jumapili na siku kuu watu wa mji huenda huko kukaa kando ya maji, kula michopo (nyama ya kuchoma), kupiga picha za harusi na kuogelea, huku watoto wakizungushwa kwa mtumbwi. Ninachotaka kueleza ni kwamba mabadiliko hayo ya kazi, ingawa hayagusi hata jiwe moja la tuta, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji, hulifanya bwawa lilelile kuwa la hatari kuliko lilivyokuwa siku lilipokamilika, na kwamba anayepokea kiingilio cha Jumapili ana deni kwa tuta hilo kabla hajafikiria kununua viti na miavuli.

Ili kuliona jambo hili vizuri ni lazima kuelewa mkulima wa zamani alilitumiaje bwawa lake. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na watu waliochimba na kuyeyusha shaba hiyo walihitaji mahindi, mboga, maziwa na nyama kutoka karibu. Mvua ya huku si haba, kwani kwa mwaka hufika milimita 1,200 hivi, lakini karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na katikati ya kiangazi wiki hupita, na miezi hupita, bila tone. Mwenye shamba alitafuta mahali ambapo kijito kinapita kati ya miinuko miwili, akavuta tuta la udongo kutoka upande hadi upande, akalaza bomba chini yake la kutolea maji, na pembeni akaacha njia ya maji ya ziada ili mvua kubwa isipite juu ya tuta. Bwawa lilijaa kufikia Machi. Kuanzia Mei vali ilifunguliwa kila siku kwa ajili ya nyanya, kabichi, vitunguu na lengalenga (mchicha), na kufika Oktoba kilichobaki kilikuwa tope na dimbwi la katikati ambamo watoto walivua samaki kwa mikono.

Oktoba hiyo ya tope ndiyo iliyokuwa kinga, ingawa sidhani kama kuna aliyeiita hivyo. Mvua za kwanza, ambazo mara nyingi huja kwa hasira na kuanguka juu ya ardhi iliyoungua na isiyo na majani, zilikuta bwawa tupu lenye nafasi ya kuzipokea. Tena, mara moja kwa mwaka upande wa ndani wa tuta ulionekana wote, hadi chini. Mwenye shamba aliweza kuona mawe yaliyoporomoka, shimo la panya, ufa, kutu kwenye kichwa cha bomba, na alikuwa na wiki kadhaa za kurekebisha kabla maji hayajarudi. Kukauka kuna kasoro zake pia, maana udongo wa mfinyanzi uliokauka sana hupasuka, na bwawa lililoshushwa haraka mno linaweza kufanya upande wa ndani wa tuta uporomoke. Hata hivyo, kwa jumla, ratiba ya umwagiliaji ililipa tuta mapumziko na ililipa jicho la mwenyewe nafasi ya kutazama.

Anayeuza Jumapili hataki Oktoba ya namna hiyo. Mgeni aliyetoka komini za mjini kama Kamalondo au Katuba katika joto la Septemba na Oktoba, miezi ambayo mji unaungua, hatalipa ili akae mbele ya tope lenye harufu. Kwa hiyo vali haifunguliwi tena. Bwawa hubaki limejaa mwaka mzima, tuta hulowana mwaka mzima, na upande wa ndani hauonekani hata siku moja. Baada ya muda vali yenyewe hukwama kwa kutu, na kuanzia hapo, hata kama mtu angetaka kushusha maji kwa dharura, hana njia ya kufanya hivyo. Mvua za kwanza za Novemba zinakuta bwawa limefika ukingoni, na kila kinachoshuka kutoka mlimani lazima kipite kwenye njia ya maji ya ziada siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Hili ni badiliko la kwanza, la maji. La pili ni la watu, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Nchi zenye utaratibu wa usalama wa mabwawa huyapanga katika madaraja ya hatari kwa kuuliza nini kitatokea likivunjika, si kwa kuuliza kama ukuta wake ni imara au dhaifu. Bwawa bovu lenye kichaka kitupu chini yake linaweza kuwa katika daraja la chini, na bwawa zuri lenye shule chini yake likawa katika daraja la juu kabisa. Mtu akijenga nyumba moja chini ya bwawa, daraja la bwawa hilo limepanda usiku huohuo bila mwenye bwawa kujua. Na anayeweka vibanda vya nyasi, jiko la michopo na maegesho ya magari chini ya tuta, kwa sababu ndipo penye kivuli na majani mabichi, amefanya vivyo hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Ubichi wa majani ya mahali hapo wakati wa kiangazi unatokana mara nyingi na maji yanayovuja kupitia tuta.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Indonesia. Bwawa la Situ Gintung, pembezoni mwa Jakarta, lilijengwa mwaka 1933 na utawala wa kikoloni wa Uholanzi kwa ajili ya kumwagilia mashamba ya mpunga. Mji ulikua, mpunga ukaondoka, mashamba yakawa mitaa ya nyumba, na bwawa likawa mahali pa kupumzikia, penye watu wanaotembea na kula kando ya maji. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 27 Machi 2009, baada ya mvua kubwa, tuta likakatika. Karibu watu 100 walikufa, wengi wakiwa wamelala katika nyumba zilizosimama pale palipokuwa mpunga. Ukitazama historia hiyo hatua kwa hatua, utaona kwamba hakuna siku ambayo mtu alifanya uamuzi wa kijinga. Mkulima mmoja aliuza kiwanja, jirani yake naye akauza, mwingine akafungua mgahawa, familia zikazoea kuja. Hatari ilijikusanya bila mtu kuiamua. Anayeyajua mashamba ya Annexe, na jinsi konsesheni (shamba kubwa) ya jana inavyokuwa parsele (viwanja) za leo, atauona ufanano huo bila kuelekezwa.

Mfano wa pili ni wa Marekani, na nauleta kwa sababu unaondoa faraja moja tunayojipa, ile ya kudhani kwamba hatari huja na mvua tu. Katika milima ya Colorado, wakulima waliokuwa na kampuni yao ya mifereji walijenga mwaka 1903 bwawa dogo la udongo liitwalo Lawn Lake, lenye kimo cha mita 8 hivi, ili kuhifadhi maji ya kumwagilia mashamba ya mbali. Eneo hilo baadaye likawa hifadhi ya taifa, na watalii wakaja kupiga kambi kando ya mto ulio chini yake. Tarehe 15 Julai 1982, asubuhi na mapema, bwawa lilivunjika na kuachia karibu mita za ujazo 830,000 za maji. Hakukuwa na dhoruba. Risasi iliyoziba kiungo kati ya bomba la kutolea maji na vali yake, ndani kabisa ya tuta, ilikuwa imechakaa, maji yakaanza kupenya pale, yakabeba udongo kidogo kidogo hadi tuta likatobolewa kutoka ndani. Njiani mafuriko hayo yalivunja bwawa jingine lililokuwa chini zaidi katika mto uleule. Watu watatu waliokufa wote walikuwa wamepiga kambi. Mabwawa mengine matatu ya zamani ndani ya hifadhi hiyo yaliondolewa katika miaka iliyofuata.

Jambo la bwawa la pili kuvunjwa na la kwanza si la Colorado peke yake. Kwenye vijito vyetu ni kawaida kukuta mashamba matatu au manne yaliyofuatana, kila moja na bwawa lake au mabirika yake ya samaki, na kila mmiliki akidhani kwamba usalama wake unategemea tuta lake mwenyewe.

Karibu na sisi zaidi ni Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ambako jioni ya tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba binafsi lilipasuka wakati wa mvua za masika na kuua watu wasiopungua 47, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Mamlaka ya maji ya nchi hiyo ilieleza baadaye kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali. Lilikuwa limekaa pale juu kwa miaka, kila mtu akiliona, kila mtu akijua ni la nani, na bado kwa upande wa karatasi halikuwepo.

Kutokuwepo kwenye karatasi ndiyo hali ya mabwawa madogo karibu kila mahali, kwa sababu macho ya wataalamu huvutwa na ukubwa. Tume ya kimataifa ya mabwawa makubwa huhesabu kuwa kubwa lile lenye kimo cha mita 15 au zaidi, au lenye mita 5 hadi 15 lakini linalohifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. La mkulima halifiki huko hata kwa mbali. Uingereza ilijifunza kwa machungu kuhesabu kwa namna nyingine. Mwaka 1925 mafuriko ya mabwawa yaliyovunjika yaliua watu 16 katika kijiji cha Dolgarrog huko Wales, na mwaka 1930 ikatungwa sheria ya kwanza ya usalama wa mabwawa. Sheria iliyoifuata, ya mwaka 1975, iliweka mpaka kwenye ujazo wa maji, mita za ujazo 25,000, na Wales baadaye ikaushusha hadi 10,000.

Hebu tupime bwawa letu la kawaida kwa kipimo hicho. Chukua bwawa lenye eneo la hekta 3 na kina cha wastani cha mita 2, ambalo mgeni angeliita dimbwi kubwa. Hizo ni mita za ujazo 60,000, yaani tani 60,000. Lori linalopakia shaba kuelekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, hubeba tani 30 hivi, kwa hiyo bwawa hilo ni malori 2,000 yaliyopangwa juu ya bonde na kuzuiliwa na udongo tu. Uingereza ujazo huo ungekuwa zaidi ya mara mbili ya mpaka wa sheria. Huku hata jina lake halijulikani ila kwa jina la mwenye shamba wa kwanza.

Katanga si mahali pasipojua kutunza mabwawa. Mwadingusha kwenye mto Lufira linazalisha umeme tangu mwaka 1930, na Nzilo kwenye Lualaba tangu miaka ya 1950. Mabwawa hayo yana wamiliki wanaojulikana, yana wahandisi, yana vipimo vinavyosomwa, kwa sababu yakisimama migodi inasimama. Bwawa la shamba halina mteja wa aina hiyo. Isitoshe, mwaka 1973 utawala wa Mobutu ulipotangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zikabidhiwe raia, mashamba mengi yalibadili mikono kwa haraka kubwa. Aliyekabidhiwa alipokea nyumba, trekta na ng'ombe, lakini ni wachache waliokabidhiwa mchoro wa tuta, au walioonyeshwa bomba linapita wapi na vali inafungwaje. Tangu hapo mengine yameuzwa tena, yamerithiwa, yamegawanywa kati ya ndugu. Leo ukimuuliza msimamizi bomba la bwawa ni la chuma au la saruji, atakuambia kwa uaminifu kabisa kwamba alilikuta.

Kwa hiyo inabaki kutazama, na kutazama kuna mengi ya kufundisha. Kwenye bwawa moja nje ya mji, ambalo sitalitaja kwa kuwa kasoro yake ni ya wengi, nilisimama kwenye njia ya maji ya ziada. Ilikuwa mfereji wa mawe wenye upana wa hatua nne hivi, uliojengwa vizuri na fundi aliyejua kazi yake. Mdomoni mwake mlikuwa mmepigwa mbao mbili, moja juu ya nyingine, ili kupandisha maji na kuyafanya yafike karibu na vibanda. Nyuma ya mbao ulifungwa wavu wa waya ili tilapia wasitoroke, na kwenye wavu yalikuwa yamenasa majani, chupa za plastiki na tawi zima la mwembe, vyote vimeshikana kwa ute wa kijani. Maji yalipita kwa kuchuruzika pembeni. Msimamizi alikuwa kijana mpole na mchapakazi, na alijivunia kwamba tangu wavu uwekwe hawajapoteza samaki. Nilimwonyesha kwamba umbali kutoka usawa wa maji hadi mgongo wa tuta, pale ambapo pikipiki zimechimba njia, haukufika urefu wa mkono wangu. Siku mvua itakapoleta maji mengi, maji hayatasubiri wavu usafishwe. Yatafuata njia ya pikipiki, yatashuka upande wa nje, na udongo usiozoea maji yanayokimbia utaanza kuliwa kuanzia chini kurudi juu. Maji kupita juu ya tuta, na maji kupenya ndani yake, ndizo njia mbili ambazo matuta mengi ya udongo hufa kwazo.

Njia ya pili hutengenezwa na viumbe vilivyo hai. Miti hupandwa juu ya tuta kwa ajili ya kivuli, hasa mikaratusi, na mizizi yake huingia ndani kufuata unyevu. Mti ukifa, mizizi huoza na kuacha mirija. Ukiangushwa na upepo, hung'oka na bonge la tuta. Mchwa nao ni jambo la kwetu hasa. Ukanda huu ni maarufu kwa vichuguu vikubwa ambavyo vingine huzidi kimo cha mita 5, na mchwa anayejua kujenga kitu cha namna hiyo hana sababu ya kuliepuka tuta la udongo mzuri. Vyumba na njia zake vinaweza kukutana na maji. Kuna na binadamu: udongo wa kichuguu unatafutwa kwa ajili ya matofali, na vichuguu vikiisha, au vikiwa mbali, udongo wa kitako cha tuta unaanza kuonekana kama udongo mwingine wowote. Huko juu kwenye vilima nako, misitu ya miombo ikikatwa kwa ajili ya makala (makaa ya kupikia), mvua hushuka kwa kasi zaidi na kuleta tope linalojaza bwawa, hivyo maji yanayoingia huongezeka wakati nafasi ya kuyapokea inapungua.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine ili ligunduliwe. Tuta la udongo karibu lote huvuja kidogo, na kuvuja peke yake si ugonjwa. Swali ni kama kunaongezeka, na kama maji ni meupe au yana udongo. Msimamizi achimbe mfereji mdogo wa kukusanya maji yanayotoka chini ya tuta, aweke bidoni (dumu) ya manjano ya lita 20, ahesabu sekunde hadi ijae, kisha aandike tarehe na kimo cha maji ya bwawa siku hiyo. Bidoni ikijaa kwa sekunde 40 mwezi huu, na kwa sekunde 40 mwezi ujao maji yakiwa kimo kilekile, tuta limetulia. Ikianza kujaa kwa sekunde 25 ilhali maji ya bwawa hayajapanda wala mvua haijanyesha, ndani kuna kitu kinafunguka na mhandisi anatakiwa kuitwa. Na maji yanayovuja yakigeuka kuwa ya tope, hapo hakuna cha kuandika tena. Watu wote walio chini waondoke kwanza, ndipo mengine yafuate.

Usalama wa wanaoogelea ni suala tofauti, na watu hulichanganya na la tuta, au hulifanya ndilo pekee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Bwawa la shamba lina hila zake: kina hubadilika ghafla pale udongo wa tuta ulipochimbwa, ukingo wa mfinyanzi huteleza na hauna pa kushika, visiki vya miti iliyozama havionekani katika maji ya rangi ya chai ya maziwa. Pale penye mdomo wa bomba, vali ikifunguliwa, mvuto wa maji unaweza kumshika mtu mzima asijinasue. Kando yenye majani na konokono kuna kichocho, ambacho hakimuui mtu siku ya Jumapili lakini humfuata nyumbani. Dawa za mambo haya zinajulikana: eneo la kuogelea lililopimwa na kuzungushiwa kamba, jaketi za kuokolea kwa kila anayepanda mtumbwi, mtu anayejua kuogelea na ambaye kazi yake siku hiyo ni kutazama maji tu, na uzio mbele ya bomba na njia ya maji ya ziada. Hata hivyo, kamba na jaketi humlinda aliye ndani ya maji. Mama anayeuza vitumbua mita 200 chini ya tuta hazimhusu.

Ninajua jibu linalokuja haraka: kama ni hatari kiasi hicho, yafungwe. Silikubali. Mji huu wa vumbi na malori una sehemu chache mno ambapo familia ya kawaida inaweza kukaa karibu na maji na majani kwa bei inayowezekana, na mtoto anayekulia katika komini zetu za Kenya au Ruashi ana haki ya kuona mnandi akipiga mbizi. Kipopo, ziwa la kutengenezwa lililotumika tangu enzi ya ukoloni kwa ufugaji na utafiti wa samaki, linatosha kuonyesha kwamba maji yaliyozuiliwa yanaweza kubeba kazi kadhaa. Pia mabwawa haya bado yanahitajika kwa kilimo, maana mboga nyingi za kiangazi tunazokula zinategemea maji ya namna hii. Yapo ambayo kweli yanafaa kubomolewa kwa utaratibu, maji yakitolewa kidogo kidogo na tuta likakatwa na mafundi, hasa yale yasiyo na mwenyewe wala kazi. Bwawa lililotelekezwa haliwi salama kwa kusahauliwa, na kulikata kwa koleo usiku ili kuvua samaki, jambo ambalo vijana hujaribu, ni njia ya uhakika ya kuleta mafuriko kwa jirani.

Kinachowezekana kufanywa sasa hakihitaji mkopo wa kimataifa. Sheria ya maji ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 imeshaweka msingi kwamba maji ni mali ya umma na kwamba mtu hawezi kuyazuia au kuyatumia kwa kiasi kikubwa bila serikali kuhusika. Jimbo letu la Haut-Katanga linaweza kuanza na orodha tu: bwawa liko wapi, kimo cha tuta, eneo la maji, njia ya maji ya ziada ikoje, vali inazunguka au haizunguki, nani yuko chini. Wanafunzi wa kilimo na wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaweza kuifanya kazi hiyo kiangazi kimoja wakiongozwa na walimu wao, na ingewafundisha zaidi ya michoro ya darasani. Orodha ikishakuwepo, ofisi inayotoa vibali vya viwanja ipewe nakala yake, ili parsele isiuzwe katika mkondo wa mafuriko bila mnunuzi kuambiwa. Sidhani kama kuna hatua moja itakayookoa watu wengi kuliko hiyo ya mwisho, wala iliyo ngumu kuliko hiyo, maana aliyekata viwanja hupenda bonde tambarare lenye maji karibu.

Kwa anayeendesha mahali pa Jumapili, kibali cha kupokea wageni kifungwe pamoja na wajibu wa tuta. Sehemu ya kila kiingilio iwekwe kando kwa ajili yake, na ionekane kwenye hesabu. Vibanda na maegesho vihamishwe kutoka chini ya tuta kwenda kwenye miinuko ya pembeni, ambako mandhari ni mazuri zaidi na maji hayafiki. Mbao na nyavu zitolewe mdomoni mwa njia ya maji ya ziada. Anayeogopa kupoteza samaki aweke chekeche mbali na mdomo huo, ndani ya maji tulivu, la upana utakaoruhusu maji kupita hata likinasa majani. Njia ya pikipiki juu ya tuta ijazwe udongo, ishindiliwe, na pikipiki zipewe njia nyingine. Miti midogo ikatwe ingali midogo. Mikubwa isikurupukiwe, kwa sababu kuung'oa mti mkubwa na mizizi yake kwenye tuta lililojaa maji kunaweza kuleta lile lililoogopwa, na hiyo ni kazi ya kuomba ushauri. Chifu wa mtaa na watu wa chini wawe na namba za simu za msimamizi, naye awe na zao, na wawe wamekubaliana mapema ni mlio gani utapigwa na wakimbilie upande gani.

Na Oktoba irudishwe. Si lazima bwawa likauke kabisa. Kushusha maji mita moja au moja na nusu polepole katika wiki za mwisho za kiangazi kunatosha kuacha nafasi kwa mvua za kwanza na kufichua sehemu ya tuta inayopigwa na mawimbi mwaka mzima. Maji yanayoshushwa yasipotee, kwa sababu huo ndio wakati ambao bustani zilizo chini zinayahitaji zaidi, na mwenye bwawa anaweza kuwauzia wakulima hao au kubadilishana nao kwa kazi ya kufyeka tuta. Wageni wataambiwa kwa kibao getini kwamba maji yameshushwa kwa ajili ya ukaguzi, na wengine watageuza gari. Mapato ya wiki nne au tano yatapungua. Hasara hiyo ihesabiwe tangu mwanzo wa mwaka kama gharama ya kazi, pamoja na mshahara wa msimamizi na grisi ya vali, ambayo izungushwe hadi mwisho na kurudishwa angalau mara mbili kabla ya Novemba.